Mtungi wa Maji Juu ya Boksi la Stima

Mpendwa jirani, Baba Mutheu,

Mutheu amenipigia simu kunieleza kwamba wamekuzika nyumbani, Machakos. Nimelia, halafu nikacheka, maana nilikukumbuka ukiniomba mtungi mzima wa maji niumwage ukutani, wakati maji hapa kwetu Lindi, ndani ya Kibera, yalikuwa adimu kuliko unga.

Ilikuwa baada ya uchaguzi wa 2007, ule mwaka mpya tulioupokea kwa moshi. Vijana walikuambia uhame kwa sababu ya kabila lako, ukahamia Kawangware na familia yako, jiko likiwa bado la moto. Brayo, yule wa mlango wa pili kutoka kwangu, alikuwa mmoja wao. Sisi tuliobaki tukabaki na nyaya zilizokatwa kwenye vurugu na kuungwa ovyo. Ukigusa mabati ya chumba changu, yanakurusha kwa stima. Na Nekesa wangu ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama! Mtoto wa Kibera atashika nini kama si mabati? Nilimfunga mgongoni kutwa, nikiyaogopa mawingu.

Fundi wa stima niliyemjua ni wewe, lakini nilipokupigia simu sikukuomba uje. Niliuliza tu nifanye nini. Ukasema, "Usiguse kitu. Nakuja."

Nilikungoja upande wa Ayany, ukingoni mwa Kibera, tukaingia pamoja. Hatujafika mbali tukasimamishwa na vijana. "Mathe, huyu msee ni wa wapi?" Nikawajibu kwa ukali wa kufukuza kuku: "Ni fundi wangu! Mnataka tukufe na stima mvua ikinyesha?" Wakatupisha. Wewe ulikuwa unanung'unika eti kwangu utapewa ugali tu, watu wa magharibi hatujui kupika muthokoi, yale mahindi yenu ya kukobolewa.

Ulipoliona boksi la nje ulishika kichwa. Aliyeunga alikuwa ameingiza waya kwa juu, kisha akalifunga boksi kwa juala la plastiki, eti azuie mvua.

"Hii ni nepi," ulisema. "Inashika maji yote na inakaa nayo."

Ukazima stima, ukang'oa kila kitu. Waya ukaupitisha ndani ya paipu ya plastiki inayokunjika, ukaibana kwenye ubao isilalie mabati. Ukaiacha ining'inie kidogo chini ya boksi, ifanye tumbo, ndipo ipande iingilie kwa chini. "Maji ni mavivu, Mama Nekesa. Yakishateremka hayapandi tena." Boksi jipya lilikuwa na mpira kwenye mfuniko, ukalikaza hadi ukatoa ulimi nje.

Stima ikarudi. Testa ya kupimia stima ilishakubali kwamba mabati ni salama, lakini wewe hukuridhika. Plot nzima ilikuwa imetoka kutazama na hakuna aliyekusalimia. Ukavua viatu.

"Mwaga," ukaniambia. "Kama mvua ya kwenu Kakamega."

Nikaumwaga mtungi wote juu ya boksi na ukutani, moyo ukiniuma kwa ajili ya maji na kwa ajili yako. Ukasimama peku kwenye tope, ukaweka kiganja chako kwenye bati, ukakiacha hapo. Kisha ukamfungua Nekesa mgongoni kwangu, ukamsimamisha, akashika.

Siku hizi Nekesa ni msichana mkubwa mwenye ulimi mkali, na unajua alikoutoa. Kwa ajili yake nimekushukuru mara nyingi, kwa simu na kwa kuku wa Krismasi. Kuna jambo moja ambalo sikuwahi kukushukuru, kwa sababu kila nikijaribu naishia kukutania.

Siku ile ulikuwa unavaa viatu uondoke. Mama Brayo, mamake yule kijana aliyekufukuza, akasogea akiwa ameinamisha macho. "Fundi," alisema, "na kwangu je?"

Mimi jibu lake nilikuwa nalo tayari mdomoni, tena la kumkata. Wewe ulivua tena viatu, ukaokota koleo.

"Inarusha wapi, mama?" ukamuuliza, ukaingia kwake.

Asante, Baba Mutheu. Pumzika.

Jirani yako wa ukuta mmoja,
Mama Nekesa