Fidla za Utumbo wa Kondoo

Jumatano, 5 Novemba

Nimemsafisha baba masikio tena. Usaha mwingi, unanuka. Sikio la kulia limeshakufa. La kushoto, daktari wa Muyinga anasema halifiki mwakani. Namwongelesha kwa kupiga kelele mpaka koo linauma. Majirani wote hapa Gasorwe watadhani tunagombana.

Dada aliyeko Gitega amepiga simu. Jumamosi kuna wazungu wanapiga muziki Gitega, ukumbini, bure. Fidla za kizamani kabisa, nyuzi zake utumbo wa kondoo. Nikasikia kinyaa. Baba akacheka. Ujanani, kwenye kambi ya wakimbizi kule Tanzania, alikuwa akizisikiliza kwenye redio ya padri. Hajawahi kuziona. Anataka azisikie mara moja kabla sikio halijafunga. Basi tutakwenda.

Ijumaa, 7 Novemba

Mafuta hakuna. Tumengoja gari toka alfajiri, tukapata lenye mbuzi ndani. Mbuzi kamkojolea baba kiatu. Hakulalamika. Mimi nimelalamika kwa niaba yake mpaka Gitega.

Dada anasema fidla hizo sauti yake ndogo na wapigaji wenyewe hawataki kipaza sauti. Lazima tukae mbele. Nitawahi.

Jumamosi, 8 Novemba

Ptuu! Watu wa hovyo.

Tulifika ukumbi bado unafagiwa. Tukakaa mstari wa kwanza. Baba kavaa koti alilolivaa kwenye harusi yangu. Wazungu wakawa wanakaza nyuzi na kuzijaribu, taratibu, mmoja mmoja. Baba akainamisha sikio la kushoto. Akanibana mkono. Alisikia! Kidogo, lakini alisikia.

Ndipo akaja mama mmoja wa protokoli, wa kuwapanga waalikwa, kajifunga utepe kifuani. "Muzee, hapa iko ya ba-invités. Muende nyuma."

Nikamweleza habari ya sikio. Nikamwomba. Nilimwomba kabisa.

"Mi niko kwa kazi yangu, mama."

Tukasukumwa mpaka nyuma ya nguzo, chini ya spika.

Wageni wa heshima hawajafika, na bila wao hakianzi kitu. Wazungu wamekaa, fidla mapajani, kama watu waliofika msibani. Hatimaye wakubwa wakaingia, manukato yao yakatangulia. Hotuba. Hotuba nyingine. Huyu anamshukuru yule, yule anamshukuru huyu, spika inapasua kichwa.

Halafu spika ikazimwa na muziki ukaanza. Mzuri. Lazima niseme ukweli, ulikuwa mzuri, laini, umejaa huzuni kidogo.

Na watu wa protokoli wakaanza kugawa vinywaji! Kama harusini! Kreti zinaburutwa sakafuni, vizibo vinaruka. Nikachungulia kando ya nguzo. Kwenye kiti cha baba limekaa libwana linatafuna nyama ya brosheti mdomo wazi, mafuta yanatiririka kidevuni, linaongea na simu. Wengine wamesimama mbele yetu, simu juu, wanapiga picha. Fanta niliyopewa niliirudisha.

Baba alikuwa ametulia, mikono magotini, chupa yake kaishika vizuri.

Jumapili, 9 Novemba

Garini baba kaniuliza, "Mwanangu, mbona hawakupiga?"

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Hotuba amezisikia zote, mojawapo hata alinisimulia. Muziki hakuusikia hata chembe. Nyuma ya nguzo hakuona kitu. Alidhani shughuli imeishia kwenye soda.

Nawachukia. Yule mama na utepe wake, lile libwana na kidevu chake, wote. Nikivuta pumzi bado nasikia harufu ya ile nyama.

Nikamwambia baba nyuzi zilikatika. Unyevu. Utumbo wa kondoo hauiwezi mvua yetu.

"Pole yao," akasema. "Na wametoka mbali hivyo."

Jumatano, 12 Novemba

Mvua. Nimemsafisha masikio. Usaha umepungua.

Jirani yetu Mama Ezekieli kaja kuomba chumvi, akauliza muziki wa Gitega ulikuwaje. Baba alijibu mwenyewe, kwa ile sauti yake kubwa. Nyuzi zilikatika, masikini wazungu wa watu. Lakini walipokuwa wanazikaza, yeye alikuwa mbele kabisa, alisikia.

Akamwigizia kwa mdomo. Sauti moja tu, ndefu. Akafumba macho, akairudia.

Mama Ezekieli alinitazama. Mimi niliendelea kuchambua maharagwe.