Suti ya Katibu Mezani

Mshauri wetu mpendwa,

Shikamoo. Nimekuwa nikisoma safu yako tangu nikiwa shuleni na kuwasikitikia wanaokuandikia, wala sikudhani kwamba siku moja zamu yangu ingefika, lakini sasa naomba msaada wako, na naomba pia jina langu lisitokee gazetini, kwa sababu jambo lenyewe ni dogo na watu wakilijua watacheka.

Mimi ni karani wa chama cha ushirika hapa Kibuta, wilaya ya Kisarawe. Nilisoma Kibaha mpaka kidato cha nne, kisha nikarudi nyumbani kwa mama, ambaye hana mtoto mwingine. Tangu ushirika uliporudishwa ninafanya kazi peke yangu katika ofisi ya chumba kimoja, mimi na mzani na magunia, na msimu wa korosho ukiisha naweza kumaliza juma zima sijaongea na mtu ila mama. Kwa hiyo nilipochaguliwa kwenda kwenye semina ya makarani vijana nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Semina yenyewe inafanyika melini. Nchi rafiki imetuazima meli yake, ambayo kwao hutembeza watu walio likizo, nasi tunasoma humo huku ikipita bandari za pwani.

Katika mkutano wa maandalizi kiongozi wa safari alitueleza mengi, na kuhusu mavazi akasema chakula cha jioni tuvae nadhifu, ila cha mchana kila mtu avae kawaida tu, maana huliwa juu kwenye sitaha, palipo wazi. Wenzangu waliitikia kwa kichwa. Mimi sikuelewa, na niliona haya kuuliza. Kawaida yangu ya mchana, Mshauri, ni msuli na singlendi, nimekaa mkekani na mama, na hiyo nilijua siyo kawaida aliyoitaja. Nikaenda Kibaha kwa mjomba wangu Pazi, ambaye enzi za mkoloni alikuwa mpishi wa mwalimu wa Kizungu, nikamwuliza. Mjomba alicheka, akasema wenye meli wakikwambia uvae kawaida wanakupima, maana yule bwana wake alikuwa akifunga tai hata siku ya kula nanasi barazani. Tai sikuthubutu kuifunga, kwa jinsi siku hizi inavyohesabiwa kuwa ya kibepari. Mjomba akasema basi nipate suti ya kola, ile inayofungwa vifungo mpaka shingoni, hiyo hakuna atakayenilaumu nayo.

Huku kwetu suti ya namna hiyo anayo mtu mmoja tu, katibu wa tawi la chama tawala, Mzee Mwinjuma. Aliniazima kwa moyo mweupe. Mikono ilikuwa mifupi kidogo, na mfuko wa kifuani ulikuwa umechanika ukashikizwa kwa beji ya chama, akaniambia nisiitoe beji hiyo kwa sababu mfuko utaning'inia. Sikuitoa.

Chumba nilipangiwa pamoja na kijana wa Magindu, ambaye hapa nitamwita Hilario. Mshauri, sijawahi kukutana na mtu wa namna ile. Kabla sijaweka sanduku chini alikuwa ameshanipa jina, ananiita Korosho. Alinionyesha bomba la maji ya moto, alinigawia nusu ya muhogo aliofungiwa na mama yake, na aliongea mfululizo mpaka nikajikuta nami naongea, nikamweleza habari za mzani wangu na za marehemu baba, mambo ambayo sijawahi kumweleza mtu. Mchana ule alinitangulia kupanda juu, nami nikabaki kuvaa.

Nilipofika nikaona meza yake. Alikuwa amekaa na dada mmoja karani wa Mlandizi, Matilda, na wengine wawili, na wote walikuwa wanacheka, kwa sababu Hilario alikuwa anasimulia habari za bibi yake aliyeona foleni dukani akaingia bila kujua kinachouzwa, akasimama na jua lake lote mpaka akafika mbele, na alipofika mbele akakuta... Hapo Hilario akaniona. Hadithi akaiacha hapo. Akasogeza kiti, akasema taratibu, "Karibu, ndugu. Tulikuwa tunakisifu chakula."

Chakula chenyewe kilikuwa supu ya baridi yenye rangi ya damu, na hakuna aliyekuwa ameigusa.

Niliketi. Jua lilikuwa kali, na mimi ndiye peke yangu niliyefunga vifungo. Wengine walivaa mashati ya mikono mifupi, mengine hayakuchomekwa, na makubadhi, na Matilda alivaa gauni la kitenge. Nikaona mara moja kwamba nimekosea, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kupenda kujifunza nikaanza kuwatazama mmoja mmoja, kuanzia kola mpaka miguuni, ili nijue kawaida ni ipi. Shati la Hilario lilikuwa zuri sana, la maua ya manjano, mikunjo ya dukani bado inaonekana, na huku kwetu kitambaa hakijaletwa muda mrefu. Nikamwuliza, kwa nia njema kabisa, nikitaka na mimi nije nitafute la namna hiyo, "Shati hili umelipata wapi, na kwa bei gani?"

Hilario aliweka kijiko chini. "Nilipewa na shemeji," akasema. "Ni la zamani."

Matilda akakumbuka kwamba ameacha kitu chumbani. Nikamgeukia aliyekuwa kulia kwangu, nikamwuliza kuhusu makubadhi yake, naye badala ya kunijibu akanieleza kwa kirefu jinsi alivyojiunga na chama akiwa bado shule ya msingi. Halafu na yeye akaaga.

Kesho yake Hilario alivaa shati lenye kiraka, akakaa meza nyingine. Chumbani alinisalimia vizuri, "Hujambo, ndugu," kama mtu anayesalimia ofisini, na sanduku lake akalifunga kwa kufuli. Neno Korosho sikulisikia tena. Siku zilizofuata mchana sikupanda. Nilibaki chumbani na biskuti, nikisikiliza viti vikiburutwa juu ya kichwa changu, na ilifika mahali nikaweza kutambua kicheko cha kila mtu bila kumwona, hata nikajua nani leo yuko kimya na nani amesema kitu cha kuchekesha. Nadhani waligundua kwamba suti ni ya kuazima. Nadhani waliona mikono mifupi ile wakajua mimi ni mtu wa shamba ninayejikweza, na Hilario akaona aibu kulala chumba kimoja na mimi.

Sasa tumetoka Mtwara, tumepewa mapumziko, na mwisho wa mwezi meli inakwenda Tanga na Pemba. Mjomba Pazi ameniahidi suti nyingine iliyo bora zaidi, ina hata kizibao. Lakini moyo unaniambia niandike kwamba nina malaria nisirudi, ingawa asiyemaliza semina hathibitishwi kazini, na mama ananitegemea. Tena kosa jingine ni kwamba nilipofika nyumbani mama aliniuliza kama nimepata rafiki, nami nikamwambia nimempata, anaitwa hivi, ni mtu wa Magindu, ni mcheshi. Tangu hapo mama anamwulizia kila asubuhi kama ndugu yetu. Jana amemkaangia korosho, amezifunga kwenye kitambaa safi, ameniambia nisizile njiani.

Mshauri, nivae nini mchana? Na nikishavaa, nikae na nani?

Wako mtiifu,
Karani, Kibuta

*

Mwanangu Karani,

Marahaba. Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine ili jibu likufikie kabla ya meli kuondoka. Nimeisoma mara ya kwanza nikacheka, na ya pili sikucheka.

Nianze na kukugombeza, maana unastahili. Mtu aliyesoma hadi kidato cha nne anaambiwa jambo asilolielewa, aliyelisema amesimama mbele yake, naye anafunga safari hadi Kibaha kumwuliza mjomba. Mjomba wako nisalimie, lakini bwana wake wa nanasi aliondoka zamani. Ungenyoosha mkono tu pale mkutanoni, na naapa nusu ya walioitikia kwa kichwa wangekushukuru.

Sasa sikiliza. Hakuna aliyekudharau. Hebu jitazame kama walivyokutazama wao. Vijana wanakula mchana, wanacheka habari ya foleni ya dukani. Anatokea mtu amefunga vifungo mpaka shingoni kwenye jua la saa sita, beji ya chama kifuani, ambayo wewe unaitaja kana kwamba ni sindano ya kushikizia mfuko. Anaketi. Hacheki. Anawakagua mmoja mmoja kuanzia kola mpaka miguuni. Kisha anamwuliza mwenye shati jipya amelipata wapi na kwa bei gani. Mwanangu, mwaka jana tu, wakati wa msako wa walanguzi, watu walifukia sabuni mashambani kwa kuogopa swali kama hilo. Wewe ulidhani unauliza habari za shati, wenzako wakadhani umetumwa. Huyo wa makubadhi maskini alikuwa anajitetea. Na Hilario alirudi chumbani akayakumbuka yote aliyokwambia kabla hujavaa suti, akafunga sanduku lake. Wewe ulikuwa chini na biskuti unawaogopa wao, na wao walikuwa juu wanakuogopa wewe. Hivyo vicheko ulivyokuwa unavihesabu, walicheka kwa sababu hukupanda.

Hilo la mwisho ni chungu, najua. Nimelisema ili uone kwamba suti ya pili, tena yenye kizibao, itawamaliza kabisa. Mwambie mjomba ahsante, aiache kabatini.

Ya Mzee Mwinjuma mrudishie leo, imefuliwa na imepigwa pasi, na huo mfuko ushone kwa uzi, sindano na dakika chache vinatosha. Chakula cha mchana kwenye sitaha vaa suruali yako ya kazini na shati la mikono mifupi, lile ambalo limeshafuliwa mara nyingi, kifungo cha shingoni wazi. Kuchomeka ni hiari yako. Makubadhi yanafaa, ndala za bafuni hapana. Msuli na singlendi ni vya chumbani na vya mkekani kwa mama, usivionee aibu lakini usivipandishe ngazi. Kama shati lina kiraka, livae na kiraka chake. Hilario amekwisha kukuonyesha kwamba viraka vinakubalika, ingawa hakukusudia.

Jioni wamesema nadhifu. Shati lako jeupe la ofisini, la mikono mirefu, lipige pasi. Basi. Habari ya nguo imekwisha.

Malaria usiiandike. Hiyo unayoumwa ni upweke, na upweke haupewi likizo, ukikaa nao nyumbani unazidi. Isitoshe, mama yako amesimama jikoni kwa moshi akamkaangia mtu korosho. Utamwambia nini, kwamba mtu huyo hayupo? Yupo. Ulimkosa kwa sababu ya vifungo vitano.

Kwa hiyo utarudi melini, na utafanya hivi. Usimngoje mezani mbele za watu. Mkute chumbani, na kabla ya kufungua sanduku umwambie neno kwa neno kwamba suti ilikuwa ya katibu wa kijijini kwenu, kwamba mfuko ulichanika, na kwamba ulimwuliza habari za shati kwa kuwa ulilipenda. Usiongeze maelezo. Wewe ni mtu wa maelezo mengi, nimeona. Hata akikujibu "sawa, ndugu" baridi baridi, usikate tamaa, mtu aliyeogopa hapoi kwa siku moja.

Kisha mchana ukifika, panda. Kaa kwenye meza yake, fungua kile kitambaa cha mama yako katikati ya meza, mle pamoja. Usiulize mtu yeyote ameipata wapi nguo yake. Kama ni lazima uulize kitu, na najua utauliza, mgeukie Hilario umwulize hivi tu: bibi alipofika mbele ya foleni, alikuta wanauza nini?