Pingamizi la Mzee Pole

Kwako kaka yangu mpendwa,

Shikamoo kaka. Goti linaendeleaje? Wifi na mapacha hawajambo? Mimi ni mzima wa mwili. Yaliyobaki naomba uyasome ukiwa peke yako.

Kazi ni ile ile, kwenye kibanda cha wakalimani kilicho juu ya ukumbi wa Baraza la Umoja, mahali ambapo wewe husema nalipwa kwa umbea. Mjumbe wetu, Mzee Pole, akizungumza kwa lugha yetu, mimi hutafsiri maneno yake kwa lugha kubwa ya ukumbi. Wakizungumza wengine, namtafsiria kwenye kisikilizi chake. Lugha kubwa haijui, na mle ukumbini hakuna mwingine anayeijua yetu. Hunitania kwamba mimi ndiye masikio yake, nisije nikaziba.

Sasa Umoja unapokea nchi mpya, na viti havitoshi. Ukaletwa mswada kwamba lugha ndogo zinyang'anywe viti vyao, zisemewe na majirani wakubwa. Kanuni inataka kila lugha inayoguswa ikubali. Ikipinga hata moja, mswada umekufa. Wenzetu wote walishakubali, tukabaki sisi. Mzee aliniambia atapinga hata wamtoe mzobemzobe.

Wiki iliyopita wakaja watu wawili kibandani, wapole kabisa, wakasifu sauti yangu. Mmoja akasema amesikia kaka yangu ana mapacha, na kwamba shule yao iko karibu mno na barabara kuu. Niliogopa, kaka, mpaka nikashindwa kufunga zipu ya mkoba.

Jana Mzee alisimama akapinga, na sijawahi kumsikia akisema vizuri vile. Mimi nikawaambia kwa lugha kubwa kwamba tunakubali. Ukumbi ukapiga makofi. Mwenyekiti alipotangaza kwamba mswada umepita, nikamwambia Mzee kwenye kisikilizi kwamba pingamizi lake limepokewa. Aligeuka akanitazama kule juu kwenye kioo, akaweka mkono kifuani. Naona aibu hata kuandika.

Anakuja huko Jumamosi kuwatangazia watu kwamba kiti chetu kimesalia. Tafadhali mpokeeni, mumwache aseme.

Msalimie sana wifi. Mapacha waendelee na shule ile ile; usiwahamishe, maana hao watu watajua nimekuandikia.

Ni mimi mdogo wako,
Mkalimani