Makombe ya Majoreni

Funzi, Jumanne, baada ya isha

Tena ripoti nimeshaituma! Hilo ndilo linalonikosesha raha. Nimemwandikia msimamizi wangu kwamba lundo la makombe ya chaza tunalolichimba ni mabaki ya chakula cha watu wa kale, na kwamba zamani ufuo huu ulijaa chaza kuliko leo.

Jioni nilikuwa uani nikiyasugua makombe hayo kwa mswaki. Bi Mwanasha, anayetupikia, akasimama kuyatazama.

"Haya si ya hapa, mwanangu. Marehemu mama na wenzake waliyaleta kwa mashua kutoka Majoreni, wachome chokaa. Tanuri lilikuwa pale pale mnapochimba."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema.

"Hukuniuliza. Mliwaita wanaume mkawauliza wao. Nao kazi ya chokaa wanaijulia wapi? Ilikuwa yetu sisi wanawake."

Majivu meupe chini ya lundo niliyaona kwa macho yangu. Nikaandika kwamba ni jiko la watu wa kale. Jiko!

Kesho itabidi nimpigie msimamizi nimwambie nimekosea. Huenda akaufunga mradi. Naogopa, wala sina wa kumlaumu.

Lakini kinachoniuma zaidi si ripoti. Miezi miwili nimekula chakula cha mama huyu, na swali pekee nililowahi kumuuliza ni kama pilipili imebaki.