Makomeo ya Kaka Yako

Shemeji,

Sisi wazima. Kitinda mimba wetu kang'oka jino la mbele, sasa anacheka kaziba mdomo kama bibi harusi.

Kaka yako bado anaandika ufafanuzi wake wa nyaraka za mitume. Si unamjua mwalimu wa falsafa! Alipofika pale Wakristo wa kwanza wanapoambiwa siku ya Bwana itawajia kama mwizi, akasema anayengoja hafungi mlango, akang'oa makomeo yote. Nikamwacha. Mwizi wa kweli angeiba nini kwetu, vitabu?

Kisha wanafunzi wake wa zamani wakaanza kuja kungoja naye sebuleni. Wameacha kazi. Nikiwapakulia chakula, wananishukuru tu, hawagusi.

Jana fundi seremala alikuja kuyarudisha makomeo. Nilifurahi, mpaka aliponivuta kando.

"Mama, mzee anataka niyafunge kwa nje. Ndivyo mlivyokubaliana?"

Nikamuuliza kaka yako. Alinijibu kwa upole, kama yuko darasani: "Mke wangu, mtu anayeweza kujifungulia mlango bado hajaanza kungoja."

Siku aliyopanga ni Jumapili ijayo, tutakuwa sote ndani, na watoto. Atakupigia simu uje utufungie, kisha uende zako. Kubali, shemeji, maana ukikataa atamtafuta mwingine. Njoo, uyasukume makomeo kwa nguvu, ayasikie.

Ila usiondoke hapo mlangoni.

Mimi shemeji yako, ambaye bado napika kila siku.