Mlinzi wa Mjomba Hamza

Jumapili, 6 Julai 2025

Kingolwira. Nimekufa wa kwanza.

Niandike kwa mpangilio, maana kichwa kimevurugika. Barua yangu ya posa iko kwa Mjomba Hamza tangu tarehe 2 Juni. Baba yake Raya alishasema yeye hana neno, neno ni la mjomba. Ndiyo Uluguru — baba anazaa, mjomba anaamua. Na mjomba alimjibu mshenga wangu, Athanas, kwa kifupi: barua ameisoma. Kijana aje Jumapili tucheze karata.

Karata zenyewe Raya alizipata chuoni. Zilikuja na maandishi ya Kichina, akabandika vikaratasi vya Kiswahili. Tunacheza watano. Chifu anajulikana: ni Mjomba Hamza, kila mara, kwa sababu baraza ni lake. Sisi wanne tunachota kwa siri. Mlinzi mmoja, wa kumpigania Chifu. Waasi wawili, wa kumuua. Na Kigeugeu, anayetaka wote tufe abaki yeye. Kila mtu ana maharage manne, ndiyo uhai wake. Mkuki unaondoa harage, Ngao inazuia, Dawa inarudisha.

Nilichota Mlinzi. Nikafurahi! Kumlinda mjomba wa mchumba — kazi gani nzuri kuliko hiyo? Nikakaa kwa adabu, mikono magotini. Mjomba akanitazama juu ya miwani. Akasema mtu aliyekaa kimya hivi barazani kwa mwenzake, ama ana homa ama ana kisu.

Zamu nne, mikuki minne.

Sheria inasema Chifu akimuua Mlinzi wake, anatupa karata zote za mkononi. Akazitupa. Raya alikuwa Mwasi, akammaliza palepale, huku anacheka! Mjomba hakucheka.

"Mlinzi gani huyu anafanana na mwizi?"

Barua hakuitaja.

Jumatatu, 7 Julai

Dukani. Wateja wachache, wengi wa mbegu za kabichi. Nimetafakari kifo cha jana. Kosa ni ukimya. Nilimlinda moyoni tu, na moyo hauonekani. Jumapili nimsaidie kwa tendo, waziwazi.

Jumapili, 13 Julai

Mlinzi tena. Zamu ya kwanza nikampa mjomba Dawa.

"Nani mgonjwa hapa?" Alikuwa na maharage yake yote manne.

Athanas akadakia: "Mluguru, huyo anakunenepesha kama mbuzi wa Idi!"

Athanas ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wake, ana ruhusa ya kusema chochote. Alisema mjomba ana mguu mmoja mfupi kwa kuzaliwa mlimani. Alisema, kwa sauti, "Mimi leo nimekuja kukuua." Akamchoma mikuki mitatu. Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Akamjibu kwamba babu yake alipita Morogoro na mzigo kichwani, akasahau njia ya kurudi Tabora.

Halafu akaniua mimi. Anayekupa dawa na wewe huumwi, alisema, anakuzoesha mkono wake.

Athanas alikuwa Mwasi kweli! Alisema mwenyewe! Mshindi lakini ni Dada Maria, jirani yao, muuguzi wa zahanati. Kigeugeu. Hakutamka maneno kumi mchana kutwa.

Raya alinisindikiza hadi barabarani. Anasema mjomba haangalii nani ameshinda. Anasema mtu humjui mpaka umwone ameshika karata mbaya. Mjomba alifanya kazi stesheni ya treni miaka thelathini, treni hazikuja kwa wakati hata siku moja, akajifunza watu kwa jinsi wanavyosubiri.

Basi mimi nasubirije?

Jumatano, 16 Julai

Athanas kapita dukani na futi yake ya fundi cherehani shingoni. Ushauri: mpige. Kidogo tu. Mlinzi anayepiga anaonekana mkweli.

Nikamwambia siwezi kumnyanyulia mkono mjomba wa Raya.

"Ni maharage, Yusuph! Ni maharage!"

Jumapili, 20 Julai

Mlinzi. Mara ya tatu.

Nikarusha Mkuki mmoja. Ila wakati naurusha mdomo ukatoka wenyewe: "Shikamoo, mjomba."

Akajibu marahaba. Akaniua.

Jumapili, 27 Julai

Mlinzi! Mara ya nne! Raya ndiye anayechanganya karata, anasema hajapanga kitu, ni bahati yangu tu. Bahati!

Nilibaki na harage moja. Mjomba ameshanyanyua Mkuki. Nikashindwa kuvumilia.

"Wallahi, mjomba, mimi ni mlinzi wako!"

Dada Maria akaweka karata zake chini.

Mjomba akauliza, taratibu kabisa, kama namwingiza Mwenyezi Mungu kwenye maharage. Akaniambia nilete istighfari, nimwombe Mungu msamaha. Nikaleta, mara tatu, kwa sauti, jirani anayeanika nguo akageuka kuniangalia. Kisha akanishushia Mkuki. Alisema huo si wa karata, ni wa kiapo.

Akafunua karata yangu. Mlinzi. Akaitazama muda mrefu, akatupa za kwake, akashindwa kwa mara ya nne.

Wakati wa kuondoka alinitoa hadi getini, yeye mwenyewe. Hajawahi.

"Kumbe ulisema kweli," akasema. Basi. Akarudi ndani.

Maana yake nini?

Jumatano, 30 Julai

Tunafunga mizigo ya maonyesho ya Nanenane. Athanas amekuja mbio: mjomba ameulizia ukoo wa mama yangu! Dalili njema hiyo, huulizi ukoo wa mtu unayemkataa. Nimepima mbegu za karoti gramu hamsini mara tatu. Zote zimetoka vibaya.

Jumapili, 3 Agosti. Saa kumi na robo. Barazani

Naandikia hapahapa. Lazima.

Leo nimechota Mwasi. Nusura nimrudishie Raya nimwambie amekosea.

Dada Maria amekufa mapema, alikuwa Kigeugeu. Tumebaki wanne. Raya ni Mwasi, hajifichi, amemchoma mjomba wake mara mbili na kumwomba radhi sifuri. Kwa hiyo kati yangu na Athanas, mmoja ni Mlinzi na mmoja ni Mwasi. Mjomba ana harage moja. Athanas na mimi tuna harage mojamoja, Raya bado ana matatu. Mjomba ana Mkuki mmoja na Ngao moja. Akimuua Athanas, anatupa Ngao, na Raya anammaliza.

Mjomba alifikiri sana. Akaingiza mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa bahasha. Barua yangu! Akaiweka mezani, kando ya harage lake.

"Wiki iliyopita uliapa, na ilikuwa kweli. Leo sitaki kiapo. Nataka neno moja. Wewe ni mlinzi wangu? Ukinijibu, na mimi nitakujibu." Akaigusa bahasha.

Athanas akasema, "Mzee, mlinzi wako ni mimi."

Wote wakacheka! Hata mimi nilicheka. Maskini, kila wiki yeye ni utani tu, leo amesema kweli bila utani na hakuna anayemsikia.

Mguu wa Raya ukanigonga chini ya meza. Mara mbili.

Hapo ndipo adhana ya Alasiri ikaanza. Mjomba akalaza karata zake kifudifudi, akasema jibu litasubiri. Tumeswali, yeye imamu, mimi nyuma yake. Sijui nimeswali rakaa ngapi. Sasa yuko kwenye mkeka anavuta uradi.

Nikisema ndiyo: tunashinda, mimi na Raya. Kisha mjomba anafunua karata yangu na kuona Mwasi, barua ikiwa pembeni. Nikisema hapana: mjomba ananiua mimi, anabaki na Ngao na mlinzi wake, anashinda kwa mara ya kwanza tangu nianze kuja hapa. Na Raya atakuwa ameuzwa na mtu anayetaka kumuoa, mbele ya mjomba wake. Nilipokuwa Mlinzi nilikufa kila wiki lakini nililala usingizi!

Raya amepita na birika. Amenong'ona kwamba ni mchezo tu, niseme ndiyo. Athanas kakaa ngazini, harage lake kiganjani. Ameniambia, ndugu yangu, mimi ndiye niliyebeba barua yako.

Tasbihi imefika mwisho. Anakunja mkeka.

Amekaa. Anauliza mbona naandika na yeye anasubiri neno moja.

Nimemwambia naandika jibu.

Raya amefunika uso kwa mtandio. Mjomba amevaa miwani. Anasema vizuri, yeye stesheni alipenda kila kitu kwa maandishi. Ananyoosha mkono, anataka daftari —