Kwa Mama Sponji, Aliyejenga Tela la Kulala

Ni mwaka mzima sasa, Mama, tangu ulipotuacha ukiwa bado na gundi ya mbao kwenye kucha. Muuguzi alijaribu kuitoa, ikakataa, akatuuliza kwa upole ulikuwa ukifanya kazi gani. Tukatazamana. Tungeanzia wapi?

Kwa kazi ulikuwa fundi wa viti vya magari. Mtaa mzima ulikuita Mama Sponji, na madereva wengi wa hapa kwetu bado wamekalia kazi ya mikono yako. Cherehani yako ilikuwa kwenye kibanda cha uani. Baba alikuwa chumba cha mbele na saa zake za kutengeneza, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. Yeye aliketi kutwa nzima. Wewe hata chai uliinywa umesimama, kikombe mkono huu, mkasi mkono ule.

"Nimeoa upepo," Baba alikuwa akiwaambia wateja.

"Na mimi nimeolewa na kiti," ulimjibu kutoka uani, na hukuwahi kuchelewa kujibu.

Halafu ukaletewa gari la mtu wa safari za porini ulishonee viti. Nyuma yake lilikuwa limefungwa tela dogo lenye umbo la tone la maji: mbele limeviringana, nyuma limeteremka. Ndani mlikuwa na kitanda tu. Nyuma kulikuwa na kifuniko cha kuinua, na chini ya kifuniko, jiko. Mwenye gari alikukuta umelala humo, miguu yako inaning'inia nje ya mlango na viatu bado umevaa. Ukamwomba radhi, ukarudi kwenye viti vyake, lakini jioni hukumaliza sahani yako.

"Nitajenga langu," ulitangaza. "La kupita kwenye mawe."

"Ukalale wapi?" Baba akauliza.

"Lami inapoishia. Halafu mbele kidogo."

Hakuna aliyekufundisha kujenga tela, Mama. Ulijifunza kwa kuuliza. Ulikwenda kwa Cheche, jirani yetu mchomeleaji, ukasimama kando yake mpaka akakupa miwani ya kuchomelea ili uache kumzibia mwanga. Ulianza kuchomelea vipande vya vyuma chakavu, ukavivunja, ukachomelea tena. Ulipoona havivunjiki ndipo ukaanza chesisi, fremu ya chuma ya kubebea tela. Uliweka springi nzito na matairi ya pikapu ili tumbo la tela liwe juu ya mawe. Hukuwa na haraka katika kazi, japo mwili wako haukujua kutulia.

Kuta za plaiwudi ulizikata kama unavyokata kitambaa cha kiti: karatasi kwanza, kisha chaki, kisha msumeno. Siku ya kuziunganisha, kibanda cha tela kikawa kipana kuliko chesisi. Cheche alizunguka mara mbili, akapima, halafu akakaa chini kabisa, akacheka mpaka machozi.

"Mama Sponji! Mbao umeiachia nafasi ya mshono?"

Ulitazama kazi yako. Kweli, kila ukingo ulikuwa umeongezwa upana wa kidole, kama ilivyozoea mikono yako. "Afadhali imezidi," ulisema. "Ingepungua ningekulaumu wewe." Ukachukua msumeno ukapunguza mchana kutwa. Wiki nzima mtaani watu walikuuliza kama tela lako litavaa zipu au vifungo.

Baba hakuwahi kukwambia haendi. Sisi wanawe tunamjua, kukataa si kawaida yake. Yeye huweka masharti. Alikuwa hajalala nje ya kitanda chake tangu mlipooana, na tunadhani alitegemea sharti moja litakushinda.

"Mimi bila maji ya kutosha ya kunawa siwezi," alisema. Ukaongeza tangi la pili nyuma, karibu na jiko.

"Nami usiku husoma." Ukatafuta betri ya lori ya kuwashia taa, ukaifunga nyuma kwa mkanda wa chuma.

"Kukaa kwenye vijistuli, mgongo huu?" Ukamtengenezea kiti cha miguu ya chuma, ukakishonea sponji nene kuliko ya tajiri yeyote, ukakipachika nyuma.

"Na saa za watu je? Wataniita mwizi." Hapo Mama Mdogo, mdogo wako aliyekuja kukusalimu, akashindwa kuvumilia. "Shemeji, sema unaogopa mbu, tuelewane!" Wewe ulicheka tu. Kesho yake ulimwekea meza ya kukunja na jiliwa la chuma la kubania saa, vyote nyuma, chini ya kifuniko, kila kitu kwenye nafasi yake. Ukamwita aje aone. Alikuja, akafungua na kufunga droo ndogo ulizomtengenezea, akakosa sharti jingine.

"Basi baada ya mvua," alisema.

Mvua haikuwa imekwisha ulipoondoka. Ulikuwa unabandika mpira wa kuzuia maji mlangoni. Moyo ulisimama ghafla, na daktari alituambia hukupata muda wa kuogopa. Tunashukuru kwa hilo, tukiweza kushukuru.

Tela tulilifunika turubai. Na hapo, Mama, ndipo nyumba ilipogeuka. Mtu wa kiti akapoteza kiti chake. Baba alianza kuinuka katikati ya saa ya mtu, skrubu ndogo zikiwa zimetawanyika mezani, akaenda uani, akashika turubai, akarudi. Akikaa, goti linacheza. Wateja waliona. "Fundi, umekalia siafu?" mmoja alimtania, naye Baba akamwomba msamaha kwa uzito, kama aliyeshitakiwa. Chai akawa anainywa mlangoni amesimama. Tulimletea stuli, akaitazama kama kitu cha kigeni.

Nasi hatukutulia. Tulishauriana kwa simu: tela liuzwe, lisiuzwe, lihamishwe asilione. Hakuna aliyethubutu kumwambia, kwa kuwa hatukujua lipi lingemuumiza zaidi.

Mwezi uliopita alikata shauri mwenyewe. Alimwita kitinda mimba wako, akafunga tela nyuma ya pikapu yako, akasema wanakwenda kulijaribu tu, wafike barabara kuu na kurudi. Kwenye mitaa yetu lilifuata vizuri. Barabara kuu, pikapu ilipoanza kukimbia kidogo, tela likaanza kutikisa mkia. Kushoto, kulia, kushoto, kila mtikiso mkubwa kuliko uliotangulia, mpaka likawa linaipindisha pikapu yenyewe. Basi la nyuma likapiga honi ndefu. Kitinda mimba anasema Baba hakupiga kelele. Aliachia mafuta taratibu, akaliegesha pembeni, akashuka, akasimama nalo muda mrefu mkono ukiwa juu ya ukuta wake. Walirudi mwendo wa mtu anayetembea.

"Linataka kuniua," alisema akiingia. "Mama yenu alijenga kitu kizuri, mimi sikiwezi. Tafuteni mnunuzi."

Mnunuzi hakuwa wa kutafutwa. Mwalimu wa udereva wa mtaa wa pili alikuwa akilitamani tangu ukilipiga rangi. Alikuja, akalala ndani, akatoka anatabasamu, akasema atalichukua Jumamosi. Baba alikubali kwa kichwa. Usingizi uliisha nyumbani. Dada yetu mkubwa alifua turubai ambalo halikuwa chafu.

Ijumaa Cheche akaja kuliaga. Alisikia habari ya mkia, akakunja uso, akaenda mbele ya tela, kwenye shingo yake, pale linapofungwa kwenye gari. Akaishika kwa vidole viwili. Shingo ikapanda juu kama kifuniko cha sufuria.

"Mzee, njoo uone hapa. Shingo ya tela inatakiwa kunilemea. Hii inapaa. Nyuma kuna mzigo mwingi mno, ndiyo maana linatikisa mkia."

"Ina maana alikosea?"

"Hakukosea. Ekseli ya magurudumu tuliipima naye tela likiwa tupu, na ilikaa sawa kabisa. Vitu vimekuja baadaye. Ama nikate ekseli niisogeze nyuma, ama mtoe huo mzigo."

"Hakuna kukata," Baba alisema haraka. "Amechomelea mwenyewe pale." Kisha akauliza polepole, "Mzigo gani?"

Cheche akainua kifuniko cha nyuma. Vilikuwa vimejipanga pale: tangi la pili, betri ya lori, kiti cha miguu ya chuma, meza na jiliwa lake. Hakuna hata kimoja kilichokuwa chako, Mama. Wewe ulichojiwekea ni sufuria moja na kikombe.

Baba alitazama mpaka Cheche akaanza kuona haya, akajifanya anakagua tairi. Halafu mzee akaenda chumba cha mbele, akarudi na bisibisi zake, akavua shati.

Tulitaka kumsaidia, akatukatalia. Alifungua kila skrubu uliyoikaza, kwa subira ileile anayofungulia saa ya mkononi, akaziweka kwenye kisosi. Tangi likatoka. Kiti kikatoka, akakibeba mwenyewe mpaka kibandani kwako, akakiweka mbele ya cherehani.

"Betri je?" Cheche akauliza.

"Ihamie mbele, juu ya shingo. Taa nitaihitaji."

"Na jiliwa? Saa za watu?"

"Saa za watu zitangoja," alisema Baba, na Cheche akatutazama sote kutuuliza kwa macho kama tumesikia.

Mwalimu wa udereva alifika Jumamosi asubuhi na kamba zake na rafiki yake wa kumsaidia. Alimkuta Baba anafunga tela nyuma ya pikapu. Cheche alikuwa ameshika shingo kwa mikono miwili na mishipa imemtoka, maana sasa ilikuwa nzito ipasavyo.

"Mzee, si ulisema linauzwa?"

"Nilisema, mwanangu. Unisamehe. Nilikuwa sijalipakua."

Mwalimu hakuelewa, lakini ni mtu mwema. Alimwonyesha Baba jinsi ya kurudisha tela nyuma kwa kuzungusha usukani upande usioutaka, akamrudisha na kumpeleka uani mpaka ukuta ukapata mkwaruzo mmoja tu. Kitinda mimba akapanda upande wa pili. Baba akamwambia ashuke.

"Peke yako, Baba?"

"Kitanda chenyewe ni cha wawili. Mmoja wao si wewe."

Tulimfuata kwa gari la mwalimu mpaka barabara kuu, roho mkononi. Pikapu ikaanza kukimbia. Tela likanyooka nyuma yake, likanyooka, likaendelea kunyooka. Cheche, aliyejibana kiti cha nyuma, alikuwa akisema "tulia, tulia, tulia," na hatujui alikuwa analiambia tela au anatuambia sisi.

Alisema anakwenda lami inapoishia, alale mara moja, kesho yake arudi. Kesho yake tulipika mapema. Tulikaa barazani, tukainuka, tukakaa. Hakuja. Simu ilipolia ilikuwa sauti yake, imekatikakatika kwa upepo.

"Nimelala," alisema, kama mtu anayetoa habari ya ajabu. "Mvua imenyesha na mlango wake haukuvuja hata tone. Mwambieni Cheche."

"Uko njiani unarudi?"

Tulisikia kijiko kikigonga kikombe.

"Hapa lami imeishia," alisema. "Lakini kuna njia inaendelea. Ya mawe. Nataka niione mbele kidogo tu."

Mama, hiyo ilikuwa wiki iliyopita. Amepiga tena mara moja, kutoka mahali ambapo hatukulisikia jina lake vizuri. Wateja wanaulizia saa zao. Tunawaambia fundi amesafiri, wanatutaka turudie.

Wanaokukumbuka: mumeo, fundi saa, ambaye tumemwandika hapa bila kumsomea tangazo hili, kwa kuwa simu yake haipatikani, wanao watatu, mkwe wako, mjukuu wako anayejifunza kuuliza babu yuko wapi, Mama Mdogo, Cheche na mtaa wote.

Hapa nyumbani, na huko aliko, hutasahaulika kamwe.